Mama Aliyekuwa Akishika Aya

Kulikuwa na mama mmoja, mkazi wa huku huku mlimani, aliyesifika usharika mzima kwa kushika aya. Si aya moja moja kama hizi tunazowafundisha watoto. Yeye alishika sura nzima nzima. Mchungaji akiteleza neno mimbarani, mama alikohoa kidogo pale benchi la mbele, na mchungaji akarudi nyuma kujisahihisha. Mnacheka? Ningekuwa mimi ndiye mchungaji wake, nisingecheka.

Mama huyu alikuwa na mdogo wake wa kike, aliyeolewa boma la jirani, katikati yao uzio wa masale tu, yale majani marefu tunayopanda mipakani. Walikuwa hawasemeshani. Kwenye matanga ya mama yao mzazi, mdogo alimwambia mbele ya wakwe, "Dada, mama alipokuwa kitandani, mimi ndiye niliyemwosha na kumlisha. Wewe ulikuwa kwenye semina." Lile neno lilimchoma dada mkubwa, na lilimchoma kwa sababu lilikuwa la kweli. Tangu hapo wakikutana njiani, kila mmoja anaangalia migomba.

Basi mwaka mmoja mashindano ya kushika aya yakakaribia, na mama akapangiwa Mathayo sura ya tano. Mnaijua. Ndimo Bwana anamomwambia mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, kisha akakumbuka kuwa ndugu yake ana kinyongo naye, aiache sadaka hapo hapo, aende kwanza wakapatane. Mama alikuwa sebuleni akiirudia aya hiyo hiyo, macho kafumba, Biblia kifuani, aliposikia hodi. Akachungulia dirishani. Mdogo wake amesimama uani, na mkononi ana jani la sale lililofungwa fundo.

Wazee wetu walituachia desturi hii. Mtu akikuletea jani la sale, amekuja kuomba yaishe, na ukishalipokea huwezi tena kukataa kusamehe. Dada mkubwa alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana hakutoka nje.

"Dada, nipokee," mdogo akasema. "Nimechoka kukupita kama simjui mtoto wa mama yangu."

"Nashika neno, mdogo wangu. Usinivuruge, aya zitanitoka."

"Ni dakika moja tu, Dada. Toka ulishike hili jani."

"Njoo Jumapili nikirudi mashindanoni. Si unaona mikono yangu ina Biblia?"

Mdogo akageuka akaondoka. Dada akamwangalia mpaka alipopita uzio. Moyo ulimsuta kidogo, akajiambia Jumapili si mbali. Je, alikuwa anamdanganya mdogo wake? Hapana, ndugu zangu. Alikusudia kweli kumpokea. Hilo ndilo linaloniuma kila ninapomfikiria mama huyu.

Jumapili hakukosa neno hata moja. Vigelegele vikapigwa, akavishwa kitenge cha zawadi mabegani. Akarudi nacho nyumbani akiwa na furaha tele, na hata chai akaibandika kwa ajili ya watu wawili. Ndipo jirani alipokuja kumwambia, "Mama, mdogo wako kapigwa na kiharusi asubuhi hii. Yuko hospitali."

Akakata jani la sale uzioni kwa mkono wake mwenyewe, akakimbia nalo. Akamkuta mdogo wake yuko hai, mdomo umekwenda upande, ulimi hauna neno, na upande wote wa kulia umekufa. Akapiga magoti kando ya kitanda. "Mdogo wangu, nipokee mimi. Aliyekosa ni mimi." Akaliweka jani katika mkono wa kulia, mkono wa kupokelea. Vidole havikufumba. Jani likaanguka sakafuni. Akaliokota, akaliweka tena, likaanguka tena. Mgonjwa alitokwa na machozi, lakini mtu wa hali ile hulia kwa mambo mengi. Kama alisamehewa ama la, yule mama hajui mpaka leo.

Ndugu zangu, Bwana alipotuambia kwamba tukimpenda tutazishika amri zake, sisi tulisikia nini? Mwanafunzi hushika somo, akalikariri, basi. Mtumishi hushika agizo la bwana wake, akainuka akaenda kulitenda. Kanisa tangu siku za mitume limelisoma neno hili kwa maana hiyo ya pili, na sisi tukachukua ile ya kwanza kwa kuwa ni nyepesi, tena ina zawadi. Nani humu ndani hajui kwamba tumeamriwa kusamehe? Anyooshe mkono. Hakuna. Tunajua sote, na inasikitisha kwamba tunajua.

Sasa ulikuwa ufuate wimbo wa sadaka. Nimewaomba wazee wa kanisa waviweke vikapu chini. Wako watu humu hawajasalimiana tangu Pasaka, na kutoka hapa nilipo nawaona. Wako wengine ambao mtu wao yuko nyumbani, hata kanisani haji tena kwa sababu yao. Milango iko wazi. Inukeni, nendeni. Sisi tutakaa kimya, tutawangoja.