Nyani Mbwembwe na Mpigo wa Hatua Mbili

Paukwa!

– Pakawa!

Wa mbele nimewasikia. Wa nyuma mmelala? Paukwa!

– Pakawaaa!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakicheza gofu mbugani, paliondokea nyani mmoja jina lake Mbwembwe. Mpira wao ulikuwa koma, tunda la mkoma lililokauka likawa gumu kama jiwe. Fimbo zao zilikuwa za mkwaju. Walichimba mashimo tisa, na aliyeyamaliza kwa mipigo michache ndiye mshindi.

Mbwembwe alikuwa na mikono mirefu. Akipiga, pa! Koma huruka vuuu, likapotelea angani. Wanyama humshangilia, naye hujiona mfalme wa gofu.

Mwaka huo kiangazi kikawa kikali. Mito ikakauka, visima vikakauka. Maji ya karibu yakabaki katika pango moja tu mlimani, nayo yakidondoka to, to, to, ya kutosha ukoo mmoja. Upande mmoja wa pango waliishi nyani. Upande wa pili waliishi pimbi, na mkubwa wao alikuwa Bi Kitete, ambaye hata gotini kwa nyani hafiki.

Siku moja Mbwembwe akamwambia, "Bi Kitete, maji hayatutoshi. Tusipigane, tucheze. Atakayeshinda achukue pango. Atakayeshindwa ahame yeye na ukoo wake."

Pimbi wote wakashikana kwa hofu. Bi Kitete akasema, "Nikikataa, Bwana Mbwembwe, utatutoa kwa meno. Haya. Ila nipe siku saba."

"Chukua hata sabini!" Mbwembwe akacheka, kwa kwa kwa!

Siku ya kwanza mkewe, Mwanashungi, akamwambia, "Baba watoto, mwenzio yuko kiwanjani tangu alfajiri. Anapiga mipigo midogo midogo karibu na shimo."

"Mwache. Mimi nikiamka napiga, nikipiga nashinda."

Siku ya tatu: "Baba watoto, leo anatembea shimo hadi shimo. Anatazama penye mteremko, anatazama penye mchanga."

"Mwache. Mimi nikiamka napiga, nikipiga nashinda."

Siku ya saba: "Baba watoto, leo Bi Kitete kala mapema, kalala mapema. Nawe je?"

Mdomo wa Mbwembwe ulikuwa umejaa kuyu, matunda ya mkuyu. Alikula kuyu hadi tumbo likawa ngoma.

Asubuhi ya mchezo jua likapanda, Mbwembwe bado anakoroma. Mwanashungi akamtikisa. Akakurupuka, akakimbia, akafika anahema. Mkononi ana fimbo mpya aliyochongewa jana, hajawahi kupiga nayo hata mara moja. Akamkuta Bi Kitete anajinyoosha: mgongo, mabega, nyonga. Taratibu, bila haraka.

"Unacheza ngoma?" akamcheka.

Kanga, mwamuzi wa mchezo, akalia, "Anzeni!"

Mbwembwe akainua fimbo, akazungusha kwa nguvu zake zote. Kwach! Si mpira uliolia, ni mgongo wake. Koma likaingia michongomani. Loo! Macho yakamtoka. Mimi? Shimo la kwanza? Kwenye miiba?

Bi Kitete akasimama nyuma ya mpira wake. Akatazama shimo. Akavuta pumzi moja. Akapunga fimbo hewani mara mbili, kisha akapiga. To! Mpira ukaenda karibu, lakini ukanyooka. Kila mpigo alifanya hivyo hivyo. Shimo la nne mpira wake ukazama mchangani, na pimbi wakapiga ukunga. Yeye akautoa, akavuta pumzi moja, akaendelea.

Mbwembwe naye mwili ukapata joto. Pa! Vuuu! Akafukuzia, akafukuzia, na walipofika shimo la tisa Kanga akatangaza, "Wako sawa!"

Mbwembwe akapiga. Lo, mpigo gani huo! Koma likaruka, likatua, likabingirika, likasimama hatua mbili tu kutoka shimoni. Nyani wakaruka kwa furaha. Bi Kitete akapiga kidogo, akapiga kidogo, akapiga kidogo, na wa nne ukatumbukia. Ko!

"Hatua mbili!" Mbwembwe akajiambia. "Hata mtoto ataweza."

Akagusa mpira. Ukapita.

Akashtuka. Akagusa tena. Haukufika.

Jasho likamtoka. Akagusa tena. Mpira ukazunguka mdomo wa shimo, ukatoka nje.

Mpigo wa tano ndio ulioingia, na Kanga akasema kwa sauti ndogo, "Bi Kitete ameshinda."

Mbwembwe akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mwanashungi akambeba mwanawe mgongoni, akampita, yeye na nyani wote wakashika njia ya bonde la mbali, ambako kuyafikia maji ni mwendo wa siku nzima.

Mbwembwe akamwendea Bi Kitete, akafoka. "Umeniroga! Toa hirizi niione!"

Bi Kitete akampa mkoba wake. Mbwembwe akaumwaga chini. Pu! Ndani hamkuwa na hirizi. Mlikuwa na makoma makuukuu, yamelika, yamechubuka, mengine yamepasuka kwa kupigwa.

"Hii ndiyo dawa?"

"Ndiyo hiyo, Bwana Mbwembwe. Siku saba, hatua mbili, hatua mbili."

Mbwembwe akaketi palepale. Kwa yote aliyoyaona siku ile, hilo ndilo lililomshtua zaidi: kwamba hapakuwa na siri. Kisha akainuka, akawafuata watoto wake, mgongo ukimuuma.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo. Nguvu hushangiliwa, lakini maandalizi ndiyo yashindayo. Asiyefanya mazoezi ya jambo dogo, jambo dogo ndilo litakalomwaibisha.

Hadithi yangu inakomea hapo. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni mimi.