Kwa Nini Mgomba Hauachi Majani Yake Makavu

Kaeni vizuri, maana hii si hadithi ya kucheka. Hapo kale, kwenye miteremko ya mlima mmoja wenye baridi, watu walifunga kila kitu kwa majani ya mgomba: nyama ya harusi, ndizi za mzazi, siagi ya kumpelekea mkwe. Zawadi ikishafunguliwa, jani lilitupwa. Migomba nayo ilipukutisha majani yake makavu kama miti mingine, upepo ukayabeba hadi korongoni, na hakuna aliyeyasikitikia.

Aliyeyaokota ni mjane mmoja tu, Nsia, aliyekaa na Aikande, mke wa mwanawe. Zawadi ikifunguliwa, Nsia alilichukua jani, akalianika, akalichana. Alisokota ngata za kubebea mitungi, akafuma vikapu vya mayai, akamtengenezea mjukuu wake Ndeshi mwanasesere mwenye macho ya mbegu. Aikande aliona aibu. Kwake yeye, nyumba iliyojaa vitu vya kuokotwa ilikuwa nyumba ya watu wasio na kitu. Basi siku ndugu zake walipokuwa njiani kuja kumwona mtoto, alingoja mkwewe ateremke mtoni, akakusanya vyote alivyoviona akavitia moto uani. Nsia aliporudi alikuta majivu. Hakugomba. Aliuliza tu kama mwanasesere naye ameungua, akaambiwa ndiyo.

Mwaka uleule ikaja baridi ambayo hata wazee hawakuwahi kuiona. Barafu ililala mashambani siku tisa. Migomba yote ikaungua, majani yakawa meusi, ukiyagusa yanageuka unga. Ndeshi akashikwa na kikohozi, na siku ya sita akafia mikononi mwa mama yake.

Sasa sikilizeni. Kule maiti hakuzikwa ila amefungwa kwa majani ya mgomba. Kumfunga kwa ngozi kulikuwa mwiko. Aliyezikwa wazi hakupokelewa na waliomtangulia, alibaki njiani akitetemeka. Aikande alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba jani, hata lile lililofungia chumvi. Hakuna aliyekuwa nalo, maana wote walikuwa wametupa. Akarudi, akaketi kando ya mtoto, akapatazama pale uani alipowasha moto, na uchungu uliomshika hauna jina.

Nsia aliinama akavuta kitu chini ya kitanda chake. Ulikuwa mkeka mpana, ameushona kwa majani ya zawadi alizopewa tangu alipoolewa. Aikande alijua mara moja ni wa kazi gani.

"Mama, huu ni wako," alisema.

"Ulikuwa wangu. Mfunge mtoto, mwanangu. Mimi baridi nimeizoea."

Aikande angeweza kukataa. Hakukataa. Alimfunga Ndeshi vizuri, hakubakiza hata kidole, na hakuweza kumtazama mkwewe usoni.

Nsia hakumaliza mwezi. Walimzika wazi kati ya mashina yaliyoungua, na Aikande alishuka kaburini akamkumbatia, akimwomba radhi, hadi wanaume walipomtoa kwa nguvu.

Mvua zikarudi, migomba ikachipua, na Aikande akaanza kuokota. Aliokota harusini na misibani, watu wakamwonea aibu kama yeye alivyomwonea mkwewe. Alishona miaka mingi, mpaka vidole vikakakamaa. Alipokata roho walikuta mkeka mmoja, naye alikuwa ameshaagiza kwamba si wake, na kwamba yeye azikwe wazi. Wakalifukua kaburi la Nsia, wakaifunga mifupa yake humo. Aikande wakamzika pembeni, hana hata jani.

Juu ya kaburi la Aikande ukaota mgomba. Majani yake yalipokauka hayakuanguka. Yaliinama yakajikunja kuzunguka shina, moja juu ya jingine, upepo ukayavuta nayo yakang'ang'ania. Machipukizi yake yote yakafanya vivyo hivyo, na migomba yetu hii ndiko ilikotoka.

Na tangu siku hiyo mgomba hauachi majani yake makavu mpaka mtu aje ayakate. Nao wanawake wa mteremko ule hawatupi jani lililofungia zawadi. Hulisokota ngata, hulifuma kikapu, humtengenezea mtoto mwanasesere. Lakini jani la kwanza ambalo mke hupewa siku ya harusi yake hulianika, akaliweka chini ya kitanda cha mkwewe.