Injini Ilipopoa

Masatu, tajiri wa maboti pale Mwanza, aliapa kuwa injini aliyokuwa akiiuza huwaka kwa mvuto mmoja wa kamba. Nyanjige, mnunuzi aliyetoka kisiwani, aliigusa, akaikuta ya moto kama chungu jikoni.

"Twende kisiwani, kaka. Pesa ziko kwa mama."

Wakavuka kwa mbwembwe, injini hiyo hiyo ikisukuma boti. Nyanjige akamkirimu sato, ugali, chai, umbea, kisha chai tena.

"Dada, nilipe, kisha unirudishe Mwanza."

"Iwashe kwanza."

Masatu alivuta kamba mpaka shati likalowa. Injini kimya.

"Kumbe uliipasha moto kabla sijafika," Nyanjige alisema. "Ikipoa haiwaki."

"Basi tumekwama wote!"

"Umekwama wewe, kaka. Mimi nimefika nyumbani. Sasa tuongee bei."