Koti la Keya na Posa ya Binti

Sogeeni mbele, wapendwa, hasa ninyi mnaopenda kukaa karibu na mlango. Habari hii ina umbea ndani yake, na umbea haufai kusikika nusu nusu.

Paliishi mama mmoja katika mji mdogo wenye stesheni ya reli. Jina tuliache, maana ndugu zake huenda wako humu humu. Tumwite Mama Picha, kwa kuwa sebuleni kwake, juu ya televisheni, ilitundikwa picha ya zamani ya babu yake mzaa baba. Babu amesimama wima, mkono kiunoni, amevaa koti la kaki la jeshi, vifungo mpaka shingoni, na begani ana kibati chenye maandishi yasiyosomeka vizuri. Ukiingia kusalimia, kabla hujaulizwa habari za watoto, unaonyeshwa babu.

"Huyo alikuwa Keya," atakuambia.

Keya ndivyo wazee wetu walivyowaita askari wa Kiafrika wa mfalme wa Waingereza, wale waliopelekwa mpaka Burma kupigana. Ukija na habari ya msiba, unaonyeshwa babu. Fundi bomba alionyeshwa babu huku maji yanafurika jikoni.

Sasa Mama Picha alikuwa na binti, mwalimu wa shule ya msingi. Binti akapata mchumba, seremala, kijana mtulivu asiye na makuu. Mshenga akaja na barua ya posa. Si mnajua sisi tukiletewa posa tunavyochokonoa? Ukoo gani, wanaumwa nini, nani alimwacha nani, kwa nini. Mama Picha hakuchokonoa hayo. Aliuliza swali moja tu.

"Wazee wake huyo kijana walikuwa kikosi gani?"

Mshenga akakuna kichwa. "Mama, nijuavyo mimi, walifuga nyuki."

"Nyuki!" Mama Picha akapiga makofi. "Kwa hiyo sisi tunapigana Burma, wenzetu wanarina asali?" Na hiyo Burma yenyewe, wapendwa, ukimpa ramani haioni mpaka jioni. "Kawaambie waje na picha. Nyumba isiyo na askari haitaoa hapa."

Binti alisikia yote kutoka jikoni. Akaja amekumbatia bakuli la mchele. "Mama, hao wazee wote wameshakufa. Mimi ndiye niliye hai."

"Nyamaza. Utanishukuru."

Barua ikakaa mwezi mzima bila jibu. Binti akapungua mpaka blauzi za kazini zikamning'inia. Watu wakasema, na mimi nisingesema? Mwanamke anamzeesha mwanawe kwa ajili ya picha! Maneno yakamfikia Mama Picha, na badala ya kulegea akapata wazo. Mtaa wa pili aliishi sajini mstaafu, mzee wa kanisa, ambaye alizijua alama zote za jeshi, za leo na za wakoloni. Huyo ataisoma picha mbele ya watu. Kikosi kitajulikana kwa jina, na wafuga nyuki watajionea wenyewe wamebisha hodi mlango wa nani.

Akaipanga iwe Jumamosi. Akawaita wakwe, akamwita mshenga, akaita majirani. Pilau likapikwa. Tangu asubuhi Mama Picha hakukaa kitako. Alifuta kioo cha picha mara nne, akabadili kilemba mara mbili, na moyo ulimdunda kama yeye ndiye anayeolewa.

Wakwe wakafika. Upande wa kijana aliongoza bibi yake, mwanamke mkongwe, mwembamba, kiatu cha raba mguuni, na mkoba umebanwa kwapani. Akakaribishwa kiti cha karibu na mlango. Hakulalamika.

Sajini akaitoa picha kwenye fremu, akaisogeza dirishani, akatoa lenzi yake. Akatazama bega. Akafuta lenzi kwa shati, akatazama tena.

"Ni Keya kweli," akasema. "Kikosi cha sita."

Wee! Vigelegele vikapasua bati. Mama Picha akazunguka sebule anapunga kitambaa. "Cha sita! Mmesikia? Nani hakusikia nimrudie? Cha sita!" Na kila akipita mbele ya yule bibi, kitambaa kilipungwa karibu zaidi na pua yake.

Lakini wanawake hatupendi kupitwa. Jirani wa kushoto akainuka, akachomoa picha ndani ya kanga. "Sajini, nisomee na mimi. Wangu naye alivaa." Hajakaa, mwingine huyu hapa, kaja nayo kwenye Biblia. Na wa tatu. Kumbe kila mmoja alikuja na babu yake kamficha!

Sajini akazipanga picha nne mezani. Akacheka kwanza. Kisha akaacha kucheka.

"Mama," akamwambia mwenye nyumba, "hebu hesabu vifungo kutoka juu. Cha tatu kikoje?"

Mama Picha akainama. "Cheupe."

"Vingine vyote ni vya shaba. Hicho ni cha shati. Haya, tazama cha tatu cha babu wa jirani."

Cheupe. Na cha yule wa kwenye Biblia? Cheupe. Na babu wa nne, aliyekuwa mwembamba mpaka koti lingemeza wawili kama yeye? Cheupe vilevile.

Wazee wanne. Koti moja.

Mnazikumbuka studio za zamani? Mpiga picha alikuwa na koti lake, tai yake, saa yake ya mkononi na redio yake. Unaingia na kaptura ya shambani, unatoka bwana mkubwa. Nani kati yetu hana ndugu aliyepigwa picha na redio isiyo yake?

Mama Picha alielewa, ila hakukubali. "Basi hao wengine ndio walioazima koti la babu yangu!"

"La babu yako kwa vipi?" jirani akaruka. "Kwa nini lisiwe la wangu?"

Patashika! Vidole vikawa machoni mwa watu. Ndipo yule bibi wa mlangoni akakohoa kidogo, akafungua mkoba.

"Mliniagiza nije na picha. Naomba niiweke na mimi."

Akaiweka. Ilikuwa ya mwanamume aliyeketi kwenye kigoda, shati la mikono mifupi, miguu mitupu, mtoto mchanga mapajani.

"Huyu naye hata kifungo hana!" mtu akasema, na sebule ikaangua kicheko.

Bibi akacheka nao. "Hana, ni kweli. Huyo ni baba yangu. Na huyo mtoto mwenye kichwa kikubwa ni mimi." Akatoa kikaratasi kilichofungwa ndani ya nailoni, akampa sajini. "Kile kifungo cheupe alikishona mama yangu."

Sajini akafungua nailoni taratibu. Ilikuwa hati ya kuachishwa jeshi, yenye mhuri. Akasoma jina. Akasoma: Keya, kikosi cha sita, Burma. Halafu yule mzee, na magoti yake mabovu, akasimama wima akaipigia saluti picha ya mtu asiye na viatu.



"Aliporudi vitani, nilipozaliwa, alinipeleka studio," bibi akasema. "Akavua koti, akamwambia mpiga picha, 'Baki nalo, watu wavae wapendeze. Yaliyonipata ndani yake nayajua mimi. Sitaki mwanangu apakatwe juu yake.' Akaenda zake akafuga nyuki."

Mama Picha akajikuta amekaa, hajui amekaa saa ngapi. "Sasa bibi, mbona hamkusema? Mwezi mzima nawatukana!"

"Tungesema nini, mwanangu? Babu yako alipendeza. Tumvue koti mbele ya wajukuu wake?"

Mshenga, naye ana ulimi huyo, akauliza polepole, "Mama ulisema nyumba isiyo na askari haitaoa hapa. Nikumbushe, isiyo na askari ni ipi?"

Binti alikuwa amesimama mlango wa jikoni, sinia mkononi, na sinia lilikuwa linatetemeka mpaka vikombe vinagongana. Mama Picha alivisikia vile vikombe. Akasema, kwa sauti ambayo majirani hawakuwahi kumsikia nayo, "Bibi, mkitaka kuchukua barua yenu mwondoke, sina neno. Ni haki yenu. Ila mtoto hana kosa. Kosa ni langu."

Bibi akanyanyuka, akaenda akampokea binti lile sinia. "Tuondoke wapi na pilau linanukia hivi? Jibu barua, mwanangu. Mimi namtaka mjukuu wangu aoe nikiwa bado nacheza."

Barua ikajibiwa palepale, juu ya meza ile ile.

Mnacheka. Chekeni, ni haki yenu. Lakini nani alituambia tunamcheka Mama Picha? Sisi tuliomo humu, yuko aliyeingia kwa Mungu na vazi lake mwenyewe? Nyoosha mkono tukuone. Tulivalishwa! Tulifika na kaptura za shambani, zimetoboka pale mnapopajua. Yuko Mmoja aliyeumia ndani ya vazi hili, likaloa damu yake. Akalivua akasema wavae watu. Hakutuuliza babu zetu walikuwa kikosi gani.

Na sisi tumefanya nini? Tumeweka mkono kiunoni. Tumepiga picha, tumejitundika. Akiingia msichana aliyezaa kwao, tunanong'ona. Akiingia mlevi aliyetubu juzi, tunasogeza mkoba. Tunamuuliza kila mtu, wewe wa ukoo gani, umeokoka lini, nani anakujua. Tunawakagua watu kwa koti la kuazima, tena tunawafukuza walio wa damu ya mwenye koti!

Mwenyewe hajaja kulidai. Ni mpole huyo. Ila mtoto wake yuko humu leo, amekaa benchi la nyuma karibu na mlango, tangu tumeanza ibada, na hakuna hata mmoja wetu aliyemsalimia.

Geukeni.