Nundu ya Watu wa Redio

Sogeeni, wajukuu zangu, na aliye nyuma aje mbele, maana nikimaliza nitawauliza.

Walikuwepo watu watatu. Ambakisye, mbunge, alijaliwa ulimi: akisimama kusema, hata wanaomchukia huacha kusinzia. Gwakisa, fundi wa mtambo wa redio ya taifa kule kilimani, alijaliwa mikono; mashine iliyokufa ikimwona inaona haya, inanguruma. Tunsume, mtangazaji wa redio hiyo, alijaliwa sauti. Akisoma salamu, ungedhani yuko jikoni kwako anachambua mchele.

Mwaka huo serikali ilitaka kuuondolea mtambo wa kilimani ruzuku. Waziri akauliza bungeni, "Redio isiyopata matangazo ya biashara tuilishe hadi lini?"

Ambakisye akainuka. "Mheshimiwa, tangazo la mafuriko nimwuzie nani? Mwenye soda?"

Bunge zima likacheka. Lakini waziri akamwambia fungu ni lile lile, achague: mtambo, au barabara ya kwao waliyoahidiwa. Akachagua mtambo. Wapiga kura wake wakamtukana mpaka akaogopa kwenda sokoni.

Masika yakaja, na masika gani yale, jamani! Mto ukafura huko juu milimani, habari ikafika redioni, umeme ukakatika. Gwakisa akawasha jenereta. Upepo ukang'oa paa la kibanda, naye akalishika bati moja akaliinua juu ya mashine, mvua ikimpiga yeye. Hakuliachia hadi tangazo la mafuriko lilipokwisha. Kifua alichokipata siku hiyo anacho mpaka leo.

Tunsume naye aliwajua watu wa bonde la Itebe. Ukiwaambia "tahadhari", wanasema, "Aa, serikali hiyo," wanaendelea kupalilia. Basi akaukatiza muziki wa salamu, akapiga wimbo wa matangazo ya vifo. Huo ukipigwa, Itebe nzima hunyamaza, jembe chini, kila mtu asikie kama ni wake.

"Watu wa Itebe," akasema, "bado hamjafa. Mto unakuja. Acheni vyote, pandeni kilimani!"

Watoto wawili wa mama mmoja, Tupokigwe, walikuwa bondeni wakiamia ndege kwenye mpunga. Wakakimbia. Maji yalipofika yalikuta mpunga mtupu.

Tunsume akapewa onyo kali na mkuu wake, kwa kuwapigia wazima wimbo wa marehemu.

Tupokigwe akachinja dume lake la ng'ombe, akawaita wote watatu. Sasa, kwa watu wa Itebe, nundu hupewa mtu mmoja aliyeokoa uhai, wala haigawanywi.

"Mpe Tunsume, shemeji!" mmoja akasema. "Nani mwingine angewanyamazisha hawa wabishi?"

"Na sauti yake ingepita wapi? Puani kwako?" jirani akamjibu. "Mpe Gwakisa. Hamsikii anavyokohoa?"

"Gwakisa angeshika bati juu ya nini?" bibi mmoja akauliza. "Mtambo ungekuwa umeshazimwa. Mpeni mheshimiwa, kwao wanakanyaga tope kwa ajili yetu."

Tupokigwe machozi yakamtoka. "Ndugu zangu, nikimtazama huyu nawaona wanangu. Nikimtazama yule, nawaona wanangu. Nifanyeje?"

Amesimama hapo na sinia mikononi, nyama inapoa, na wale watatu wameinamisha vichwa, hakuna anayeinyooshea mkono. Haya, wanangu, semeni: mngekuwa nyinyi ndio Tupokigwe, sinia lile mngeliweka mbele ya nani?