Lango la Jumbe Pimbi

Niwape, nisiwape?
Tupe, tumeketi!
Nikiwapa mtasinzia?
Hatusinzii mpaka kiishe!

Hapo zamani za kale, ndani ya ufalme wa Simba, palikuwa na mwamba uliojaa pimbi. Pimbi mnawajua, mwili mdogo kama kiatu, kelele za baragumu. Miaka mitatu walimlilia Simba wajitawale, mpaka akachoka masikio.

"Haya," akasema Simba. "Mwambani mtakuwa na jumbe wenu, ngoma yenu na lango lenu. Mimi nitabaki mfalme wenu, basi."

Jumbe Pimbi akavimba kichwa. Siku ya kwanza akapiga ngoma kutwa nzima. Siku ya pili akajifunga kilemba kikubwa kuliko yeye mwenyewe. Siku ya tatu akatunga sheria: kila mgeni aingie Mwambani akitambaa kwa tumbo, asije akamzidi jumbe kimo.

Mwaka huo Chatu akaanza kumeza watoto wa jirani. Simba akamtuma Nyati akawalinde pimbi.

"Hodi," akasema Nyati.

"Tambaa," akasema Jumbe.

"Mzee wangu, kwa mwili huu nitatambaaje? Na Chatu yuko njiani."

"Basi kaa nje. Hapa tunajitawala."

Nyati akakaa nje, akacheua.

Akaja Twiga anahema. "Jumbe, Chatu nimemwona kwa macho yangu, yupo bondeni."

"Tambaa kwanza, ndipo nikusikie."

Twiga akaitazama shingo yake, akaenda zake.

Wa tatu akaja Chatu mwenyewe. Alikuja taratibu, tumbo chini, kidevu mavumbini.

"Shikamoo, Jumbe mkuu."

"Marahaba," akasema Jumbe, na machozi yakamlenga. Tangu azaliwe hakuna aliyemwamkia hivyo.

"Nimkanyage?" akauliza Nyati.

"Thubutu! Mgeni wangu huyo. Wewe na Twiga mje mjifunze adabu kwake."

Mwanasiti, mkewe, akamvuta kilemba. "Mume wangu, huyo hana miguu. Ulitaka aingie vipi?"

Jumbe hakusikia. Akafungua lango kwa mikono yake mwenyewe.

Chatu akammeza mpiga ngoma. Akammeza bawabu. Kisha akamdaka Jumbe miguu, huku jicho lake likiwa kwa watoto watatu wa Mwanasiti waliobanana pembeni.

Mwanasiti hakungoja sheria. "Baba Nyati, ingia na miguu yako yote minne!"

Nyati akaingia. Wakati huo Jumbe alikuwa amebaki kichwa tu nje ya mdomo wa Chatu. Akamwona Nyati, akafoka, "Nani kamruhusu huyu kuingia wima?"

Akamezwa kabla hajajibiwa. Nyati akamkanyaga Chatu mpaka akafa, watoto wakapona, na lile lango Mwanasiti akalipasua kuni.

Funzo lake ni hili: mtawala anayependa kunyenyekewa hawezi kumtofautisha mwenye adabu na mwenye njaa.

Nami kisa nimekitua hapa. Kilichowafaa kichukueni, cha ovyo niachieni mwenyewe.