Senkondo na Unga wa Mbinguni

Niwape? "Tupe!" Nikiwapa mtasinzia? "Hatusinzii!" Haya, shikeni. Zamani, zamani ile milima ya Upare ilipokuwa bado mibichi kama chungu ambacho hakijachomwa, alikuwako mwanamke aitwaye Nakijwa, na maskini huyo alikuwa na mume. Mume mwenyewe Senkondo. Mnacheka? Ngojeni, bado hamjamjua.

Siku moja jiwe likaanguka kutoka mbinguni, puu! katikati ya shamba lao la maharage. Likapasuka, na ndani yake ukachipuka mmea usio wa dunia hii. Hauna jani, hauna ua. Ni kibuyu cha zambarau tu, kinavuta pumzi. Mtu akikikaribia kinavimba, kinavimba, kisha pfuu! kinamtemea unga wa kung'aa.

Senkondo akatemewa. Akajitazama mikono, inameremeta kama bangili mpya. Basi akili ikamruka, kama ilikuwepo.

"Mbingu imenichagua!" akapiga kelele. "Nakijwa, kuanzia leo usiniite mume wangu. Niite Mteule."

"Mteule, nenda kaoge," Nakijwa akamwambia. "Unga huo unawasha."

"Nioge? Niuoshe utukufu?"

Hakuoga. Mnanisikia? Hakuoga! Akazunguka kijiji hiki, akazunguka kijiji kile, akitikisa mabega ili watu waone anavyometameta. Na kila alipojitikisa, unga ukamwagika. Na kila ulipomwagika, vikaota vibuyu. Mmea ule haukuwa na miguu, wajukuu zangu; ulihitaji mpumbavu wa kuubeba, na ulimpata siku ya kwanza tu.

Nakijwa alikuwa akipalilia alipoona maharage yamelala chini, yamenyauka, vibuyu vimeyanyonya. Akaifuata njia aliyopita mumewe: vibuyu. Pale alipojisifia mbele ya wazee: vibuyu, tena vimesongamana. Ni jalalani tu, wanawake wanapomwaga majivu ya mekoni, ndipo hapakuota kitu. Akasimama pale, akachota majivu kiganjani, akakirushia kibuyu kilichokuwa karibu. Kikasinyaa kama ngozi motoni.

Akawaita wanawake wenzake. Wakakoroga majivu na maji, wakajitwika mitungi, wakamkuta Senkondo juu ya kichuguu akiwahutubia mbuzi, maana watu walishamkimbia.

"Mkinigusa, mbingu itawalaani!"

"Imeshatuletea wewe," Nakijwa akasema. "Laana gani imebaki?"

Wakammwagia. Unga ukatoka, na chini yake, loo! kibuyu kidogo kimeota sikioni, kingine kwapani. Watoto walicheka hadi wakakaa chini. Nakijwa hakucheka. Alikuwa akiyatazama mashamba.

Walimwaga majivu msimu mzima, mpaka vibuyu vyote vikaisha, pamoja na ule mmea mama kule jiweni. Lakini maharage ya mwaka ule yalikuwa yamekwenda. Jioni moja, njaa imewabana, Senkondo akauliza kwa sauti ndogo:

"Lakini, mke wangu, si nilipendeza?"

"Ulipendeza sana," Nakijwa akajibu, akamsogezea chungu kitupu. "Haya, kula uzuri wako."

Basi, wajukuu zangu, mtu akiwaambia mbingu imemchagua, msihangaike kumtazama usoni. Tazameni nyuma yake, kule alikopita, pameota nini. Kisa changu nimekitua hapo. Mwenye nguvu akibebe.